Je, wajua kwa nini vidio za Michel Gondry ni kama unauona mdundo?

Ukipanda matatu ya Bamburi zile zenye skrini, vidio nyingi ni zilezile, gari la kukodi, mwimbaji na miwani yake, madada wanakatika pembeni, na hata ungebadilisha wimbo ukaweka mwengine picha zingeenda tu. Sasa kuna huyu dairekta Mfaransa, Michel Gondry, vidio zake ukizima sauti bado wimbo waufuata kwa macho. Hufanyaje?

Kabla ya kushika kamera jamaa alikuwa mpiga dramu, bendi yao ikiitwa Oui Oui, akawa ndiye anayewatengenezea vidio, na ndizo alizoziona Björk, yule mwimbaji wa Iceland, akamtafuta. Na mpiga dramu haskizi wimbo mzimamzima bana, yeye aukata vipandevipande, hapa besi, hapa gita.

Angalia ile ya Daft Punk, kundi la Wafaransa wawili wa muziki wa elektroniki, ya 1997, Around the World. Kwetu mcheza chakacha kiuno chafuata ngoma, hilo twalijua, lakini Gondry kila chombo kakipa watu wake: maroboti ni ile sauti inayoimba, waliovaa kama mifupa mitupu ni gita, wale waliofungwa bendeji kama maiti za Misri ni dramu mashine, mabinti wa suti za kuogelea ni kinanda, na wanariadha ni besi, ndo maana besi ikipanda nao wapanda ngazi, ikishuka washuka. Hebu mfuate mwanariadha mmoja tu mwanzo hadi mwisho uone.

Lakini yangu mie ni Star Guitar ya Chemical Brothers, kundi la Uingereza la muziki wa elektroniki, 2002. Ni dirisha la treni tu, basi, mwimbaji hakuna, densa hakuna. Alirekodi safari ya Nîmes kwenda Valence kule Ufaransa, akairudia saa tofauti za siku apate mwanga tofauti, halafu wimbo akauchora kwenye karatasi ya grafu na kuupanga mezani kwa machungwa, uma, vitabu na viatu, kila kitu kikishikilia sauti yake, ndipo kompyuta ikaingia kuweka majengo na nguzo mahali pake. Nguzo ikipita ni pigo, ghala likipita ni sauti nyingine. Wengi huitazama wakidhani ni safari ya kawaida mpaka waone jengo lilelile limepita tena, na tena, kila pigo lile likirudi.