Deki ya Blu-ray yenye intaneti: dhana potofu na ukweli wake

Deki za Blu-ray (diski inayofanana na DVD lakini yenye picha kali zaidi) zinazounganishwa na intaneti bado zimo majumbani mwetu, baadhi zikiwa zimenunuliwa madukani na nyingine zikiwa zimetumwa na ndugu walioko Uingereza, Ghuba au Marekani. Pamoja nayo huja maelezo ya kila aina, na mengi si sahihi. Chanzo cha makosa hayo kwa kawaida ni kimoja: watu huichukulia deki kuwa kifaa kimoja, ilhali ndani ya kasha lake mna vifaa viwili vyenye umri tofauti. Cha kwanza ni leza inayosoma diski kwa kanuni zilizokwisha kuwekwa na zisizobadilika. Cha pili ni kompyuta ndogo inayotegemea kampuni zilizo mbali, ambazo zinaweza kubadili masharti yao wakati wowote bila kumuuliza mwenye deki. Asiyetenganisha viwili hivi huinunua deki kwa sababu zisizo sahihi, na baadaye huitupa kwa sababu zisizo sahihi vilevile.

Dhana: kitufe cha Netflix kikiwapo kwenye rimoti, Netflix itakuwapo daima

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu fedha nyingi zaidi, hasa wanaonunua deki zilizotumika. Nembo iliyochapwa kwenye rimoti au kwenye boksi inaeleza makubaliano yaliyokuwapo siku deki ilipotengenezwa. Haiahidi chochote kuhusu leo. Mwezi Aprili 2015 YouTube ilizima mfumo wa zamani ambao programu yake ilikuwa ikiutumia katika runinga na deki nyingi zilizotengenezwa mwaka 2012 na kurudi nyuma, na vifaa hivyo vikapoteza YouTube ingawa havikuwa na ubovu wowote. Desemba 2019 Netflix nayo iliacha kufanya kazi katika baadhi ya runinga za zamani za Samsung na vifaa vya Roku, ambavyo huunganishwa na runinga ili kutazama filamu za mtandaoni.

Sababu zake si njama. Huduma ya kutiririsha filamu, yaani ya kuzitazama moja kwa moja kutoka mtandaoni, hubadilisha namna ya kubana picha, hubadilisha ulinzi wa mawasiliano na huongeza mambo yanayohitaji kumbukumbu kubwa zaidi. Simu hupokea mabadiliko hayo kwa kupakua toleo jipya la programu, lakini deki nyingi zilitoka kiwandani na orodha ya programu isiyoongezeka, kichakataji hafifu na kumbukumbu ndogo. Mtengenezaji akishaacha kutoa masasisho, hakuna fundi wa mtaani atakayeyabuni. Na watengenezaji wenyewe wanapungua: Oppo ilijiondoa mwaka 2018, Samsung ilitangaza mwaka 2019 kwamba haitatoa tena deki mpya za Blu-ray kwa soko la Marekani, na LG ikaacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2024.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba bei ya deki ipimwe kwa upande wa diski peke yake. Programu za mtandaoni zihesabiwe kuwa nyongeza inayoweza kuondoka. Zikiondoka, kijiti kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI la runinga (la kupitishia picha na sauti) kitafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko deki nyingine, na deki itaendelea kucheza diski kama ilivyokuwa. Nimeona deki nzima, leza yake ikiwa imara, ikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu tu YouTube yake ilikuwa inaandika ujumbe wa hitilafu.

Dhana: deki ya aina hii haichezi bila intaneti

Inacheza. Diski ya Blu-ray, DVD au CD ya muziki hubeba kila kinachohitajika, na kijiji kisicho na mtandao kabisa si kikwazo. Kinachowachanganya watu ni kwamba diski za Blu-ray hulindwa kwa funguo za siri ambazo hubadilishwa mara kwa mara, hivyo diski iliyotoka hivi karibuni inaweza kukataa katika deki ambayo programu yake endeshi haijasasishwa kwa miaka mingi. Hapo deki huomba sasisho. Hata hivyo sasisho hilo si lazima lipitie kwenye Wi-Fi ya nyumbani: watengenezaji wengi huliweka kwenye tovuti zao, ukalipakua mahali penye mtandao, ukaliweka kwenye flashi na kuichomeka flashi hiyo kwenye deki.

Jambo la kuzingatia zaidi kwetu ni umeme. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha programu endeshi, deki inaweza isiwake tena, kwa kuwa imebaki na nusu ya programu ya zamani na nusu ya mpya. Kazi hiyo ifanywe wakati ambao umeme umetulia, au kwa betri na inveta kama ipo nyumbani, na waya usiguswe mpaka deki yenyewe itangaze kwamba imemaliza.

Wapo pia wanaoamini kinyume chake, kwamba kuiacha deki imeunganishwa na mtandao saa zote kunaifanya iwe salama zaidi. Mwezi Juni 2020 deki nyingi za Blu-ray za Samsung katika nchi mbalimbali zilianza kujiwasha na kujizima mfululizo, na chanzo kilikuwa faili lenye kasoro lililopokelewa kupitia intaneti. Wenye deki hizo walilazimika kuzirudisha kwa matengenezo, wakiwamo waliokuwa hawatumii chochote isipokuwa diski. Kama hutiririshi filamu kwa deki yako, hakuna sababu ya kuiunganisha isipokuwa siku ya kusasisha.

Dhana: filamu ya mtandaoni na ya diski zina ubora uleule

Maneno yaliyoandikwa kwenye boksi huchangia kosa hili, kwa kuwa "HD" na "4K" hutaja idadi ya vidoti vya picha tu na hayasemi chochote kuhusu kiasi cha taarifa kinachovijaza. Diski ya kawaida ya Blu-ray ina gigabaiti 25 kwa tabaka moja au 50 kwa mawili, na picha yake inaweza kusomwa kwa kasi ya hadi megabiti 40 kwa sekunde. Diski ya Ultra HD, yaani Blu-ray ya 4K, iliyoingia sokoni mwaka 2016, inaweza kuvuka megabiti 100 kwa sekunde. Netflix kwa upande wake hupendekeza mtandao wa megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya HD kamili na 15 kwa picha ya 4K. Tofauti hiyo huonekana zaidi kwenye matukio ya giza, moshi, mvua na maji yanayochafuka, ambako picha ya mtandaoni hugawanyika katika miraba hafifu wakati ile ya diski inabaki laini. Kwenye sauti tofauti ni kubwa zaidi: diski nyingi za Blu-ray huwa na sauti isiyopunguzwa chochote, ilhali sauti ya filamu ya mtandaoni hubanwa. Mwenye sabufa na spika tano ataisikia mara moja; anayetumia spika za runinga pengine hataisikia.

Nisemapo hivi sikatai kwamba kutiririsha kuna faida yake, kwa kuwa hakuna duka la diski linaloweza kushindana na wingi wa filamu ulioko mtandaoni. Lakini gharama ihesabiwe. Filamu ya saa moja kwa ubora wa HD inaweza kula hadi gigabaiti 3 za bando, na kwa 4K hadi 7. Anayeishi kwa vifurushi vya simu vya wiki ataona kwamba familia ikitazama filamu mbili za mwisho wa juma, kifurushi kimekwisha, wakati diski moja inatazamwa mara nyingi kadiri watoto wanavyotaka bila kugusa salio.

Kuna neno jingine la boksini linalopotosha. Deki iliyoandikwa kwamba "inapandisha picha hadi 4K" si deki ya 4K. Inachofanya ni kuchukua picha ya DVD, yenye vidoti 720 kwa 576, au ya Blu-ray, yenye 1920 kwa 1080, na kukisia vidoti vya kujaza nafasi zilizobaki. Matokeo yanaweza kupendeza, ila deki haiwezi kurudisha kile ambacho hakikurekodiwa, na diski ya Ultra HD ikiingizwa humo haitasomwa kabisa. Deki inayozisoma huwa na nembo ya Ultra HD Blu-ray yenyewe.

Dhana: filamu uliyonunua kwenye programu ya deki ni mali yako

Ulichonunua ni ruhusa ya kuitazama, na ruhusa hiyo inategemea mkataba kati ya duka la mtandaoni na mwenye filamu. Mwaka 2022 wateja wa duka la PlayStation nchini Ujerumani na Austria waliarifiwa kwamba filamu za kampuni ya StudioCanal walizokuwa wamezilipia zingeondolewa kwenye maktaba zao. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za aina hii kumweleza mnunuzi waziwazi kwamba anapata leseni. Diski iliyo kabatini haina mkataba wa namna hiyo: unaweza kumwazima jirani, kuiuza au kumrithisha mwanao.

Dhana: diski yoyote itacheza katika deki yoyote

Hapa ndipo zawadi za ndugu zinapoleta masikitiko, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Ulimwengu uligawanywa katika kanda, yaani maeneo, na deki kwa kawaida husoma diski za kanda yake tu. Kwa DVD, Afrika Mashariki imo katika kanda ya 5 pamoja na Urusi na India. Ulaya, Oman na nchi nyingine za Ghuba zimo katika kanda ya 2. Marekani ni kanda ya 1. Kwa Blu-ray mgawanyo ni mwingine: Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zote zimo katika kanda B, na Marekani imo katika kanda A. Kwa hiyo diski ya Blu-ray iliyonunuliwa London itacheza katika deki iliyonunuliwa Nairobi, lakini iliyonunuliwa Chicago inaweza kukataa. Diski za Ultra HD huuzwa bila kufungwa kwa kanda.

Wengi hudhani kwamba intaneti inaondoa mipaka hii. Haiondoi, kwa kuwa huduma nazo zina mipaka yake. Deki iliyotoka Uingereza inaweza kuja na BBC iPlayer, programu ya kutazama vipindi vya BBC, ambayo imeruhusiwa kutumika Uingereza tu, na kukatika kwake hapa si ubovu wa deki.

Diski za harusi na nyinginezo zinazochomwa na wapiga picha wetu hazina kanda, na bado huleta taabu kwa sababu mbili tofauti. Ya kwanza ni mfumo wa picha: kwetu hutumika PAL, Marekani hutumia NTSC, na deki nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani hazionyeshi DVD za PAL. Diski ya harusi ya Tanga ikitumwa kwa shangazi aliyeko Houston inaweza kukataa kabisa ingawa ilicheza vizuri hapa. Ya pili ni kwamba diski iliyochomwa bila kufungwa mwishoni, yaani bila mashine kukamilisha hatua ya mwisho ya kurekodi, hucheza katika mashine iliyoichoma na mara nyingi hukataa kwingine. Ni haki ya mteja kumwomba mpiga picha aifunge diski, aijaribu kwenye deki nyingine mbele yake, na atoe nakala ya faili kwenye flashi.

Kuhusu mikwaruzo, watu husema Blu-ray ni dhaifu kuliko DVD. Ni kweli kwamba tabaka la data la Blu-ray liko milimita 0.1 tu chini ya uso wake, ilhali la DVD liko milimita 0.6, lakini kwa sababu hiyohiyo Blu-ray hupakwa utando mgumu unaostahimili mikwaruzo kuliko DVD. Katika CD data ipo karibu na upande wenye maandishi, kwa hiyo kuilaza CD kifudifudi ili kulinda upande unaong'aa ni kuuweka hatarini upande ulio dhaifu zaidi. Diski zote hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha.

Yamebaki mambo mawili ya nyuma ya deki. Deki za Blu-ray zilizotengenezwa kuanzia 2014 hazitoi picha ya Blu-ray kwa waya wa njano, kwa sababu masharti ya ulinzi wa diski hizo yalikataza. Mwenye runinga ya zamani isiyo na HDMI ajue hilo kabla ya kulipa. Na deki kutoka Marekani isomwe kibandiko chake kabla ya kuchomekwa ukutani. Ikiandikwa 100-240V, itafanya kazi kwa umeme wetu ikipata plagi inayofaa. Ikiandikwa 120V peke yake, itaungua, na stabilaiza ya kawaida inayotoa volti 220 haitaiokoa, kwa kuwa kazi yake ni kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Inahitajika transfoma ya kushusha umeme, na kwa kuwa deki hutumia wati chache, transfoma ndogo inatosha.