Kupima vinasaba vya kuvu inayoozesha mizizi: maana yake

Kutambua kuvu kwa vinasaba ni kuchukua kipande cha mzizi au udongo, kutoa DNA iliyomo, kisha kutafuta humo sehemu ambayo ni ya kuvu fulani tu. Ikionekana, kuvu hiyo ilikuwepo pale, hata kama hakuna aliyewahi kuuona uyoga wake.

Na mara nyingi hauonekani. Chukua Armillaria, kundi la kuvu linaloua chai katika nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Malawi. Shamba lililofyekwa msituni hubaki na visiki na mizizi ya miti ya zamani, na humo kuvu huishi miaka mingi mpaka iguswe na mizizi ya chai. Mkulima huona majani ya manjano, kisha kichaka kinanyauka, shina limepasuka kwa urefu karibu na ardhi. Bandua gome hapo: utakuta utando mweupe uliotanda kama upepeo, unanuka uyoga. Hiyo yatosha kuishuku Armillaria, lakini spishi ipi? Uyoga wake huota kwa nadra Afrika, na kuikuza kuvu maabara huchukua wiki kadhaa.

Sehemu ya DNA inayotumika zaidi huitwa ITS, iliyo katikati ya jeni za ribosomu, yaani viwanda vya protini ndani ya seli. Kila seli ina nakala zake nyingi, kwa hiyo hata mabaki kidogo ya kuvu hugundulika, na mfuatano wake hutofautiana kati ya spishi nyingi. Mwaka 2012 ilipendekezwa kuwa alama rasmi ya utambulisho wa kuvu.

Mashine ya PCR huinakili sehemu hiyo. Hupasha mchanganyiko hadi sentigredi 95 hivi ili DNA iachane pande mbili, hushusha hadi 55 au karibu na hapo ili praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili, zishike mahali pake, hupandisha hadi 72 ili kimeng'enya (protini inayojenga DNA) kinakili, halafu huanza tena. Mambo yakienda sawa, mizunguko 30 hugeuza nakala moja kuwa zaidi ya bilioni. Praima za spishi moja hujibu ndiyo au hapana. Praima za jumla hunakili ITS ya kuvu yoyote iliyopo, kisha mfuatano husomwa na kulinganishwa na unaojulikana.

Usomaji wa namna hiyo ndio ulioeleza vifo vya miti katika bustani ya Company's Garden, Cape Town, iliyoanzishwa na Waholanzi mwaka 1652. Kuvu iliyokutwa ilikuwa Armillaria mellea yenye asili ya Ulaya, na watafiti wakahitimisha mwaka 2001 kwamba yaelekea ililetwa na walowezi wa mwanzo, pengine ndani ya miche yao. Kwa macho tu, nani angejua?

Udongo ni kazi ngumu kuliko mzizi. Una asidi za humiki, zitokanazo na mabaki ya mimea yaliyooza, zinazozuia PCR, na usipousafisha vizuri utapata "hakuna" ya uongo. Tena maabara nyingi hutumia robo gramu tu, wakati Armillaria za Afrika huenea zaidi kwa mizizi kugusana kuliko kutambaa zenyewe ardhini, kwa hiyo udongo wenyewe huwa nazo kidogo. Ndiyo maana mimi siamini "hakuna" ya udongo mtupu. Sampuli nzuri ina vipande vya mizizi iliyobaki ardhini.

"Ndiyo" nayo ina mtego wake. DNA ya kuvu iliyokufa hubaki ardhini kwa muda, kwa hiyo shamba lililong'olewa visiki laweza bado kutoa jibu la kuwepo ugonjwa. Kujua kama kuvu iko hai, wengine hupima RNA, nakala za muda za jeni ambazo seli hai hutengeneza, ambayo huharibika haraka zaidi. Njia ya bei nafuu ni kuzika vipande vya matawi mabichi karibu na pale mti ulipofia, kuvifukua baada ya miezi kadhaa, na kupima vipande hivyo badala ya udongo, maana ni kuvu hai tu inayoweza kuviingia.