Lugalo, Kalenga, Mlambalasi: yanayodhaniwa na yalivyo

Mwambie mtu wa Dodoma kwamba unakwenda Lugalo, naye atakuuliza unakwenda kumwona mgonjwa gani. Wengi wanalijua jina hilo kwa hospitali na kambi ya jeshi ya Dar es Salaam. Lakini Lugalo yenyewe iko Kilolo, mkoani Iringa, mahali Wahehe walipoangamiza kikosi cha Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Kutoka Dodoma ni kama kilomita 260 za lami hadi Iringa mjini, kwa kupitia Mtera na kupanda Nyang'oro. Wapo wanaofika huko na kurudi wakinung'unika kwamba "hakuna kitu", na mara nyingi ni kwa sababu walikwenda na picha isiyo sahihi kichwani.

"Mnara wa Lugalo ni wa ushindi wa Wahehe."
Sivyo. Waliouweka ni Wajerumani, kuwakumbuka wafu wao. Anayepiga picha mnarani na kupanda tena gari amezuru kaburi la walioshindwa, uwanja wenyewe hajauona. Upe mnara mgongo, utazame vichaka, mawe na njia inavyopita chini yake. Vita vilipiganwa huko.

"Walishinda kwa sababu walikuwa wengi."
Wingi ulikuwepo, lakini hautoshi kueleza. Kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, aliyepewa jina la Nyundo, alikuwa na askari zaidi ya 300 wenye bunduki za kisasa, pamoja na mizinga na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Kosa lake lilikuwa mwendo. Alikuwa ameshachoma vijiji njiani, akaamini hakuna wa kumzuia, basi msafara ukaenda umejipanga mstari mrefu mwembamba, bunduki nyingi hazina risasi ndani, silaha nzito zikiwa zimefungwa juu ya punda. Wahehe walijificha karibu kabisa na njia. Risasi ya ishara ilipolia, waliruka na mikuki kabla askari hawajapata nafasi ya kushindilia risasi, na bombomu lililoko mgongoni mwa punda halimsaidii mtu. Mapigano makali yalikwisha kwa dakika chache. Wazungu 10 walikufa, Zelewski akiwemo, na askari zaidi ya 200. Waliosalimika wengi ni wa kundi la nyuma, lililokuwa bado halijaingia mtegoni.

Ndiyo maana inafaa kutembea pale kwa miguu. Simama njiani, mwambie mwenzako ajifiche kichakani hatua 20 tu kutoka ulipo, uone kama utamwona. Nenda asubuhi, jua halijawa kali. Vaa viatu vilivyofunika kidole na suruali ndefu, kwani miiba ipo.

"Mkwawa aliongoza vita vya Lugalo, akauawa palepale."
Hapa watu huunganisha miaka saba kuwa siku moja. Mkwawa alikuwa mtawala wa Wahehe, lakini anayetajwa kuongoza jeshi Lugalo ni ndugu yake, Mpangile. Wajerumani walirudi na kuibomoa ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, Mkwawa akatoroka na kuendelea kupigana msituni karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, doria ikiwa imemkaribia, alijipiga risasi Mlambalasi. Hakuna Mjerumani aliyemuua.

Kwa hiyo ukiweza, zuru kwa mpangilio huo: Lugalo, Kalenga, kisha Mlambalasi. Ukianza na Kalenga utaliona fuvu la Mkwawa kabla hujajua limefikaje.

"Kalenga kuna ngome ya kutalii."
Ngome ilipigwa mizinga kutoka mlimani, kisha ikabomolewa. Kilichobaki ni masalia ya ukuta katikati ya kijiji, na bila mwenyeji wa kukuonyesha utayapita ukidhani ni mawe tu. Cha kutazama ni makumbusho: ni madogo, yana silaha na fuvu la Mkwawa. Jina la Tosamaganga, jirani hapo, wenyeji hulieleza kuwa ni "kutupa mawe", na hulihusisha na mizinga ile.

"Mkwawa amezikwa Kalenga."
Kiwiliwili kiko Mlambalasi. Kichwa kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza kirudishwe, lakini kilirudi mwaka 1954 tu, kikakabidhiwa na Gavana Edward Twining. Fuvu hilo lilichaguliwa kati ya mengi katika makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu zake, kwa hiyo si ajabu kukuta bado kuna mjadala.

"Siku moja inatosha."
Kwa kwenda na kurudi Dodoma, haitoshi. Lugalo iko mashariki ya Iringa, barabara ya Morogoro. Kalenga na Mlambalasi ziko upande wa pili, barabara ya Hifadhi ya Ruaha. Lala Iringa usiku mmoja, au miwili ukitaka Mlambalasi, ambako unaacha barabara kuu na kuingia njia ya vumbi. Masika gari dogo linaweza kukwama. Kwa Lugalo, panda magari ya Ilula, umwambie konda akushushe mnarani, usiposema, atakupitisha. Juni hadi Agosti beba sweta, baridi ya Iringa haifanani na ya Dodoma.

Ukifika kijijini pitia kwanza ofisi ya kijiji. Kuhusu kiingilio, uliza kabla kama malipo ni taslimu au kwa kumbukumbu namba, maana mtandao wa simu ukigoma utakaa getini.

"Kuokota ganda la risasi si kosa."
Acha lilipo. Mambo ya kale yanalindwa kwa sheria ya mwaka 1964, na kuchimba bila kibali ni kosa. Ukiona kitu, piga picha, kumbuka mahali, mwambie mtunza makumbusho. Ganda likihama, hakuna tena anayeweza kujua aliyefyatua alisimama wapi.