Je, mpelelezi huzoea picha za mauaji?

Huku Mbeya na Iringa wengi huamini kwamba mpelelezi, mwendesha mashtaka au karani wa mahakama akikaa kazini miaka mingi, picha za maiti na ushahidi wa ubakaji havimgusi tena. Kimya chake huonekana ni kuzoea. Lakini ganzi hiyo ya hisia yaweza kuwa dalili ya kiwewe, yaani jeraha la akili litokanalo na mambo ya kutisha, kama zilivyo ndoto mbaya, hasira za ghafla na kukwepa watu. Mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili, toleo la 2013, unakubali kwamba kukutana mara kwa mara na undani wa ukatili kazini kunaweza kuumiza hata asiyeshuhudia tukio. Mtazame ndugu yako wa kazi hiyo: analala? Bado anacheka na watoto? Mabadiliko yakizidi mwezi, nendeni mkamuulize mtaalamu wa afya ya akili hospitalini.