Je, Wajua Kwa Nini Mzee Asiye na Shahada Anaweza Kuwa Mhadhiri wa Chuo Kikuu Kanada?

Katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Trent, mjini Peterborough katika jimbo la Ontario, kilimwajiri Jacob Thomas, chifu wa taifa la Cayuga kutoka Six Nations, ardhi ya jamii asilia katika jimbo hilo hilo. Hakuwa na shahada ya uzamivu. Alichokuwa nacho ni kichwa kilichohifadhi Sheria Kuu ya Amani, katiba ya mdomo ya Haudenosaunee, muungano wa mataifa sita ya jamii asilia, Cayuga likiwemo, ambayo kuighani yote huchukua siku kadhaa. Chuo kilimpa ajira ya kudumu kwa kigezo cha elimu ya jadi, ajira ile ile ambayo wenye uzamivu huitafuta kwa miaka mingi na wengi wao wasiipate.

Mlango huo leo umefika hadi kwenye vitivo vya misitu. Chuo Kikuu cha British Columbia, ambacho kampasi yake ya Vancouver imejengwa juu ya ardhi ya Wamusqueam, mojawapo ya jamii asilia za huko, kina shahada nzima ya kwanza ya utunzaji wa ardhi wa jamii asilia. Wanafunzi husoma misitu, maji, samaki, sheria na utawala, na sehemu ya wanaowafundisha ni watu waliojifunza kazi hiyo kwa bibi zao. Kwa nini chuo kinachosifika kwa maabara zake kifanye hivyo? Wengi hudhani ni huruma, au kutaka kuonekana wema. Hilo lipo, tusidanganyane. Lakini sababu zenye uzito ni mbili: mahakama na moto.

Tuanze na mahakama. Mwaka 1987 mataifa ya Gitxsan na Wet'suwet'en yalisimama mbele ya jaji kudai ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 58,000 kaskazini mwa jimbo la British Columbia. Hati miliki hawakuwa nazo, wakaleta wazee. Mzee mmoja wa Gitxsan, bibi aitwaye Mary Johnson, alipotaka kuimba wimbo wa ukoo wake kizimbani, kwa kuwa wimbo wenyewe ndio hati, Jaji Allan McEachern alilalamika kwamba mahakamani si mahali pa nyimbo na kwamba masikio yake hayana muziki. Bibi aliimba hivyo hivyo. Mwaka 1991 jaji akaitupa kesi.

Rufaa ilifika Mahakama ya Juu ya Kanada, na Desemba 1997 majaji wakaamua kwamba historia ya mdomo ni ushahidi na lazima ipewe uzito sawa na nyaraka. Kesi hiyo huitwa Delgamuukw, na sidhani kama kuna mwanafunzi wa sheria Kanada asiyeijua. Mwaka 2014 ikaja nyingine: taifa la Tsilhqot'in lilitambuliwa rasmi kuwa mmiliki wa kilomita za mraba zipatazo 1,750, mara ya kwanza mahakama ya nchi hiyo kutoa tamko la namna hiyo. Maswali yaliyobishaniwa yalikuwa ya porini kabisa. Nani aliwinda bonde lipi? Mizizi ilichimbwa wapi, majira gani? Vijiji vya baridi vilikuwa wapi?

Hapo utaona shida inapoanza. Taifa likishatambuliwa kuwa mwenye ardhi, linahitaji maofisa wa misitu, wachora ramani, wasimamizi wa mito, watu wa kukaa mezani na kampuni za mbao. Wahitimu wa kawaida wa misitu walifundishwa kuhesabu mita za ujazo za magogo. Hawakufundishwa kwa nini kichaka fulani cha matunda hakiguswi, wala nani wa kuombwa ruhusa kabla ya kukata mwerezi. Vyuo vikajikuta havina wa kufundisha hayo.

Sababu ya pili ni moto. Kwa karne nyingi jamii za huko zilichoma ardhi kwa makusudi: moto mdogo, wa chini, unaowashwa theluji inapokaribia kuisha ili usivuke mpaka. Ulisafisha majani makavu, ukaleta nyasi changa kwa wanyama kama paa na kuyapa nguvu mashina ya matunda pori. Mfugaji aliyekulia Umasaini hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1874 British Columbia ilitunga sheria ya kuzuia moto wa porini, na kwa zaidi ya karne moja mtu aliyewasha moto wa jadi alionekana mhalifu. Kuni zikajilimbikiza misituni. Tarehe 29 Juni 2021 kijiji cha Lytton, kwenye ardhi ya Wanlaka'pamux, kilifikia nyuzi joto 49.6, rekodi ya Kanada nzima. Siku iliyofuata kijiji kikaungua karibu chote. Joto lile lina sababu zake nyingine, na moto wa jadi peke yake haungeizuia siku kama ile. Lakini tangu hapo idara za misitu zimekuwa zikiwatafuta wazee wanaokumbuka namna ya kuchoma, nao si wengi.

Sasa, somo la namna hii hufundishwaje? Hapa ndipo ninapopenda zaidi. Kaskazini mwa Kanada, katika eneo la Northwest Territories, kuna kituo kiitwacho Dechinta, ambacho masomo yake yametambuliwa na Chuo Kikuu cha British Columbia. Darasa ni kambi ya porini. Mwenye uzamivu na mzee wa Kidene, jamii asilia ya eneo hilo, hufundisha pamoja, asubuhi kusoma siasa na historia ya mikataba, mchana kutega nyavu au kukwangua ngozi ya moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Mwanafunzi mwenye watoto huruhusiwa kuja nao, kwa sababu elimu hiyo tangu zamani ilifundishwa watoto wakiwa hapo hapo.

Kule pwani ya Pasifiki, wanaokwenda ufukweni maji yakipwa huonyeshwa bustani za chaza. Ni kuta za mawe zilizopangwa na watu kwenye mstari ambapo maji hupwa zaidi wakati wa bamvua, ili mchanga ujae nyuma yake na chaza waongezeke. Baadhi ya zile za kisiwa cha Quadra zina umri wa angalau miaka 3,500. Wanasayansi walizipita kwa muda mrefu wakidhani ni mawe tu, ilhali wenyeji walikuwa na jina lake na wimbo wake. Huko Hawaii, kampasi ya Mānoa ya Chuo Kikuu cha Hawaii ina mashamba ya magimbi ya kumwagilia, Kānewai, ambapo wanafunzi huvua viatu na kuingia topeni.

Usidhani basi kwamba kila mwenye mvi huitwa profesa. Wengi wanaopata ajira ya kudumu kwenye fani hii wana uzamivu, na ni watu wa mataifa hayo hayo waliopitia njia zote mbili. Mfano maarufu ni Robin Wall Kimmerer, raia wa taifa la Citizen Potawatomi, mwenye uzamivu wa botania, ambaye amefundisha kwa miaka mingi katika chuo cha mazingira mjini Syracuse, Marekani. Yeye na mwanafunzi wake walipima dai la wasuka vikapu kwamba nyasi tamu (sweetgrass), ile wanayosukia, isipovunwa hudhoofika. Walivuna vipande vingine kama wasukaji wanavyovuna, vingine wakaviacha. Vilivyoachwa ndivyo vilivyofifia.

Mzee asiye na karatasi huingia kwa milango mingine: mzee mkaazi wa chuo, mtunza elimu, mhadhiri wa muda, na mara chache mhadhiri kamili pale tangazo la kazi linaposema uzamivu "au elimu inayolingana nao". Anayethibitisha kulingana huko ni taifa lake. Kamati hutazama barua za viongozi wa jamii, umahiri wa lugha, miaka aliyoishi na ardhi hiyo na watu aliowafundisha. Kwetu Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hufanya jambo la jamaa moja na hili inapompima fundi aliyejifunzia gereji na kumpa cheti, ingawa cheti hicho hakimfikishi kwenye kiti cha mhadhiri.

Kazi yenyewe ina miiba yake. Mhadhiri wa kawaida hupimwa kwa machapisho. Mhadhiri huyu hutakiwa achapishe, afundishe, akae kwenye kila kamati inayohitaji mwakilishi wa jamii asilia, kisha arudi kijijini kwenye misiba na mikutano ambayo hakuna fomu ya chuo inayoihesabu. Na kuchapisha kwenyewe kuna kizuizi: tangu 1998 Mataifa ya Kwanza ya Kanada yana kanuni zinazosema taarifa zao ni mali yao, wao ndio wa kuamua nani azione na zikae wapi. Mhadhiri anaweza kujua dawa fulani inaota wapi na asiwe na ruhusa ya kuiandika. Malipo nayo hayafanani. Mzee mkaazi mara nyingi hupewa posho ya siku, na anayeketi naye meza moja analipwa mshahara na pensheni.

Kisha kuna wadanganyifu. Nafasi hizi zilipoanza kuwa na heshima, wakajitokeza watu waliodai ukoo wasiokuwa nao, na kwa miaka mingi vyuo vilitosheka na mtu kujieleza mwenyewe. Chuo Kikuu cha Saskatchewan kilipitisha mwaka 2022 sera ya kutaka uthibitisho, na vyuo vingine vimefuata njia hiyo.

Kwa msomaji aliyeko Nairobi au Dar es Salaam mwenye uzamivu wa misitu na anayejiuliza kama anaweza kuomba: nyingi ya nafasi hizi zimetengwa kwa makundi matatu ya jamii asilia za Kanada, yaani Mataifa ya Kwanza, Wametis (wenye asili mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu) na Wainuiti (wa kaskazini ya mbali), na sheria za haki za binadamu za Kanada zinaruhusu kutenga hivyo. Zisizotengwa huwa na sentensi inayosema wote wenye sifa wanakaribishwa, ila raia na wakaazi wa kudumu wa Kanada watapewa kipaumbele. Isome hiyo kwanza, kabla hujaanza kukusanya barua za wadhamini.