Je, wajua kwa nini shujaa wa hadithi za Kijapani hufa mkubwa akazaliwa upya mtoto mchanga?

Jioni moja baada ya Magharibi, barazani kwetu Langoni, mji wa kale wa Lamu, mwana wa ndugu yangu alikuwa ameinamia simu akitazama katuni ya Kijapani. Ana miaka 13. Katika katuni hiyo mtu mzima wa miaka thelathini na kitu aligongwa na lori barabarani, akafa. Alipofumbua macho alikuwa kitoto kichanga kifuani mwa mama asiyemjua, katika nchi ambayo watu huwasha moto kwa kutamka maneno. Kijana akaisimamisha simu, akaniangalia.

"Ami, mbona wamemfanya mtoto? Si angalikwenda na ukubwa wake, akaanza kupigana siku ile ile?"

Nilimjibu juujuu, kisha swali likanikaa kifuani. Nimelizunguka wiki kadhaa, na kila nikilizunguka naona lina kina kuliko nilivyodhani.

Hadithi za aina hii Wajapani huziita isekai, yaani ulimwengu mwingine. Zina matawi mawili makubwa. Katika tawi la kwanza mtu huvuka vile vile alivyo, na nguo zake mwilini. La pili huitwa tensei, kuzaliwa upya: lazima afe kwanza, ndipo azaliwe huko akiwa na kumbukumbu zake zote. Nyingi zilianza kuandikwa na watu wa kawaida, bila malipo, katika tovuti ya Shōsetsuka ni Narō iliyofunguliwa mwaka 2004, ambayo jina lake ni kama kusema "tuwe waandishi wa riwaya". Zilijaa mno, hata mwaka 2016 shindano moja la hadithi fupi ambalo tovuti hiyo yenyewe ilishiriki kuliandaa likakataa kupokea hadithi za kuhamia ulimwengu mwingine. Hazikupungua. Mwaka 2024 neno isekai likaingizwa katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford.

Kabla sijaendelea, niseme juu ya neno uchawi, nililoiitia ile nguvu ya kuwasha moto kwa maneno, maana mamangu alilisikia kutoka ndani na akaguna. Ana haki. Kwetu pwani uchawi ni husuda iliyopata mikono. Hufanywa usiku, kwa siri, ili mtu adhurike. Uganga ni jambo jingine, na mazingaombwe jingine kabisa. Ule wa kwenye hadithi hizi haumo katika hayo yote. Una walimu na vitabu, una ngazi za kupanda na mitihani ya kufanya. Ukitaka neno la karibu zaidi ni elimu. Nitaendelea kusema uchawi kwa kukosa jingine, ila msomaji aupokee kwa maana hiyo.

Basi kwa nini afe? Kwenda ulimwengu mwingine si jambo geni, kwao wala kwetu. Wajapani wana kisa cha kale cha Urashima Tarō, mvuvi aliyemwokoa kobe wa baharini naye akapelekwa hadi kasri ya chini ya bahari. Alikaa siku chache za raha, lakini aliporudi kijijini kwao akakuta mamia ya miaka yamepita na hakuna anayemjua. Kisa hicho kimetajwa tayari katika kitabu cha historia cha Nihon Shoki, kilichokamilika mwaka 720. Nasi tuliokulia visiwani tumesimuliwa watu waliochukuliwa na majini wakapelekwa ujinini, wakala huko na pengine wakaoa, kisha siku moja wakaonekana ufukoni wamekaa kimya. Tofauti ni kwamba katika visa vya kale mtu huenda na hurudi, na uchungu wote umo katika kule kurudi. Katika tensei harudi, kwa sababu mwili wa kurudia umeshazikwa. Kifo kinafunga mlango nyuma yake, na mwandishi hapati tena taabu ya kueleza kwa nini mtu huyu hatamani kwao.

Wazo la kuzaliwa tena Wajapani hawakulitoa mbali. Dini ya Buddha iliingia nchini kwao karne ya 6, nayo hufundisha kwamba kiumbe hufa na kuzaliwa tena na tena. Hata leo familia nyingi huko humfanyia marehemu ibada kwa siku 49, muda ambao kwa mapokeo huhesabiwa kuwa wa safari kati ya maisha haya na yajayo. Mwandishi wa Tokyo akiandika "akafa, akazaliwa", msomaji wake hahitaji maelezo.

Na huyo anayekufa mara nyingi ni nani? Mwanamume aliyechoka. Ama amefanya kazi ofisini hadi usiku wa manane miaka nenda miaka rudi, ama hana kazi kabisa na amejifungia chumbani. Uchumi wa Japani ulipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana waliomaliza masomo kati ya takriban 1993 na 2005 walikuta milango ya ajira imefungwa, na wenyewe wanakiita kipindi hicho enzi ya barafu ya ajira. Wana pia neno karoshi, kufa kwa kuzidiwa na kazi. Ukiyajua haya, lori la mwanzo wa hadithi hulioni tena kama kisingizio cha mwandishi mvivu. Ni mtu aliyekuwa ameshaishiwa na njia.

Sasa mtoto.

Sababu ya kwanza ni ya ufundi wa kusimulia, nayo haina maneno mengi. Mgeni huuliza. Mtoto anayejifunza kusema, kutembea na kusoma anatufunza sisi nchi hiyo polepole, bila mwandishi kusimama mbele yetu kama mwalimu. Mtu mzima akiuliza "mfalme ni nani?" watu watamshuku. Mtoto akiuliza, atapakatwa na kuelezwa.

Ya pili ni tajiri zaidi. Katika hadithi nyingi za namna hii uwezo wa uchawi hukua kwa mazoezi ya utotoni, na ukichelewa umechelewa. Shujaa wetu, kwa kuwa akili yake ni ya mtu mzima, anaanza mazoezi akiwa bado anatambaa. Samaki mkunje angali mbichi. Tofauti yake ni kwamba huyu samaki anajikunja mwenyewe.

Kanuni hiyo ya kubuni imesimama juu ya jambo la kweli. Ubongo wa mtoto hufikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima anapokuwa na miaka 5 au 6. Mwaka 1967 mwanasayansi Eric Lenneberg aliandika kwamba kuna dirisha la umri ambamo lugha huingia kwa wepesi, na dirisha hilo huelekea kufungwa mtu anapobaleghe. Wengine wamebishana naye juu ya wakati wa kufungwa, lakini kwamba watoto wadogo hutushinda katika sauti za lugha hakuna ubishi. Utafiti wa Janet Werker na mwenzake, uliotolewa mwaka 1984, ulionyesha kwamba watoto wachanga wa wasemaji wa Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuzisikia, na kwamba uwezo huo ulififia walipokaribia mwaka mmoja. Sikio hujifunga kwenye lugha ya nyumbani.

Sisi Waamu tuna ushahidi wetu. Mtamkie mtu wa bara neno paa, la nyumba, kisha paa, mnyama; atakuambia ni sauti ile ile. Mzee wa Lamu atasikia mbili, kwa sababu paa wa porini hutoka na pumzi midomoni. Hakuna aliyetufundisha darasani. Tulilichukua tukiwa mgongoni mwa mama.

Hapo ndipo hadithi hizi hudanganya kidogo, na ni haki kusema wapi. Mtoto wa siku ya kwanza huona vizuri umbali wa kama sentimita 20 hadi 30 tu, kiasi cha kutoka titi hadi uso wa anayemnyonyesha. Shingo haimbebi. Koo lake limekaa juu, halijashuka mahali pa kutamkia maneno. Akili ya miaka 34 ikiingia humo ingekuwa mfungwa kwa miezi mingi, na hadithi zilizo bora hazifichi hilo. Tena kuna kumbukumbu. Wengi wetu hatukumbuki chochote cha kabla ya miaka mitatu hivi, kwa kuwa sehemu za ubongo zinazotunza matukio bado zinajengwa na lugha ya kuyashikia bado haijafika. Shujaa anapewa kinyume: anakumbuka hata harufu ya chumba alimozaliwa.

Wapo watoto halisi wanaosema walikuwa watu wengine. Daktari Ian Stevenson wa Chuo Kikuu cha Virginia alitumia miongo akikusanya visa kama hivyo, zaidi ya 2,500, na mwaka 1966 alitoa kitabu juu ya visa 20 kati ya hivyo. Kwa kawaida watoto hao huanza kusema wakiwa na miaka 2 hadi 5, kisha husahau wakiwa bado wadogo. Wakosoaji wake wanaeleza kwamba vingi vilitoka kwenye jamii zinazoamini tangu zamani kuzaliwa tena, ambako wazazi wana hamu ya kumsikia mtoto akisema hivyo. Mimi nawaunga mkono wakosoaji. Mtoto hujifunza haraka ni maneno gani yanayofanya watu wazima wanyamaze na kusikiliza.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Mtu yule hakutamani uchawi. Angeutamani, angeridhika kuvuka na ukubwa wake, kama alivyosema kijana wetu. Alilolitamani ni kupewa tena miaka aliyoiharibu: mara hii amsikilize baba, asome kwa bidii, asimjibu mama vibaya, asijifungie chumbani. Hayo huwezi kuyarekebisha ukiwa na ndevu. Lazima urudi pale ulipojikwaa, na watu wengi hujikwaa utotoni. Moto unaowaka kwa neno ni pambo. Kiini ni yule baba mpya anayemshika mkono mtoto akamtoa nje ya uzio kwa mara ya kwanza, na mtoto, aliye mzee ndani yake, akalia.

Sisi Waislamu hatuamini kwamba roho hurudi duniani katika mwili mwingine. Lakini tamaa yenyewe tunaijua, maana imetajwa katika Qurani, Sura Al-Muuminun, aya ya 99 na 100: mmoja wao yakimfika mauti humwomba Mola wake arudishwe, apate kutenda mema katika yale aliyoyaacha. Jibu ni kwamba sivyo, hilo ni neno tu analolisema, na nyuma yao kuna barzakhi, yaani kizuizi, hadi siku ya kufufuliwa. Niliposoma aya hizo tena wiki hii niliona hadithi nzima imo humo, ombi lake na jibu lake. Mwandishi wa Kijapani analichukua lile ombi na kuandika kitabu juu ya siku ambayo lingekubaliwa.

Na pwani tuna namna yetu ya kumrudisha mtu bila kuvunja imani. Tunarudisha jina. Mjukuu hupewa jina la babu, na mama humwita mwanawe "babangu" akimtuma dukani. Kwa majirani zetu Wagiriama, upande wa Malindi, majina nayo huruka kizazi kimoja, babu akaonekana tena kwa mjukuu. Na mzee aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, huchongewa kigango, mti unaosimamishwa kwa ajili yake ili asisahaulike. Kijana huyu wangu ana jina la babangu mzazi. Nikimwita kwa sauti kubwa kutoka mwisho wa kichochoro, wazee fulani bado hugeuka.

Nilimweleza yote haya tukiwa tumekaa pale pale barazani, yeye akinywa chai. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia.

"Na mamake wa kwanza, Ami? Anajua kama mwanawe yuko huko?"

Nikamwambia hapana, hajui. Katika nyingi ya hadithi hizi hatumwoni tena baada ya kurasa za mwanzo. Hatuoni matanga, hatuoni nani aliyekwenda kuutambua mwili, wala nani aliyekitoa chakula kilichobaki mlangoni mwa chumba. Ni kasoro kubwa, na sioni kwamba upande wa uchawi unaifidia. Katika mji wa mabaharia kama huu, kila mtaa una nyumba iliyowahi kumngoja mtu ambaye bahari haikumrudisha, hata maiti yake. Inasomwa hitma na hakuna kaburi la kwenda kuzuru.

Akakaa kimya kidogo, akazima simu. Kisha mamake akamwita kutoka juu, "Babangu, njoo uchukue sinia," naye akapanda ngazi mbili mbili.