Berlin walivyombadilisha Peters bila kugusa jina

Nikifundisha historia ya miji, ukurasa wa majina ya barabara huwa naanzia Berlin, si Dar es Salaam, kwa sababu huko kuna ujanja ambao sijauona kwingine.

Eneo la Wedding lilikuwa na barabara iitwayo Petersallee. Wanazi waliipa jina hilo mwaka 1939 kumtukuza Carl Peters, yule Mjerumani aliyepita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwaka 1884 akikusanya alama za machifu kwenye mikataba wasiyoweza kuisoma. Akiwa Kilimanjaro mwaka 1891 na 1892 aliamuru mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja wanyongwe. Hata serikali ya Kaisari ilimwachisha kazi.

Miaka ya themanini kelele za kulipinga jina hilo zikazidi. Jibu likatoka mwaka 1986: barabara ibaki Petersallee, ila Peters anayeheshimiwa sasa ni Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Pakaongezwa kibao kidogo cha maelezo, basi. Hakuna aliyebadili anwani, hakuna duka lililochapisha upya risiti. Heshima ilihamishwa bure kabisa, na mimi naona hapo ndipo siasa ilipo: nani anagharamika jina likibadilika.

Baraza la wilaya ya Mitte lilipoamua mwaka 2018 kulifuta jina lenyewe, gharama ikawagusa watu, pingamizi zikamiminika. Vibao vipya vilisubiri hadi Agosti 2024. Kipande kimoja leo ni Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamke aliyeuawa Windhoek mwaka 1959. Kingine ni Maji-Maji-Allee. Kule Neukölln, wilaya nyingine ya Berlin, barabara ya Wissmann, ofisa wa Kijerumani aliyemwangamiza Abushiri, imeshapewa jina la Lucy Lameck wa TANU tangu 2021.

Dar mambo yalikuwa mepesi zaidi. Unter den Akazien ya Wajerumani ikawa Acacia Avenue ya Waingereza, ikawa Independence Avenue, leo ni Samora. Wengi wetu hatukuwa na cha kupoteza, maana anwani zetu ni vituo: Magomeni Mapipa, Buguruni Sheli, Kwa Aziz Ali. Kisha ikaja Operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022, na ghafla kila kichochoro kikahitaji jina kabla ya sensa. Nani alipendekeza, nani alinyamaza kikaoni? Mihtasari ya vikao hivyo vya mitaa ndiyo ninayoiwinda sasa.